Binti Akiwa Mwezini Asikose Shule

(Mazungumzo na wazazi wa Garsen baada ya ibada)

Leo nasema juu ya hedhi, na baba aliyetaka kutoka nje naomba akae, maana pesa ya sabuni iko mfukoni mwake.

Binti akikosa masomo siku 4 kila mwezi, kwa muhula wa miezi 3 amepoteza siku 12. Hizo ni zaidi ya wiki mbili za shule. Kisha akifeli tunasema hana akili!

Sheria ya mwaka 2017 inasema msichana aliyebaleghe katika shule ya serikali apewe sodo bure, za kutosha, na mahali salama pa kuzitupa. Ni sheria nzuri. Lakini Tana ikifurika kama 2018 na 2024, barabara hukatika, na boksi la sodo halipandi mtumbwi lenyewe. Hapo ndipo hutokea mwanamume wa kumnunulia. Huyo hanunui bure, mnajua.

Kwa hiyo kitambaa tusikidharau. Kiwe cha pamba, safi, kibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6. Maji ya mto yana matope: yachoteni, yaacheni yatulie, mmimine yale masafi sufuriani, myachemshe. Fueni kwa sabuni, kisha mwanike juani. Wengine hukificha chini ya godoro, hakikauki vizuri, kinaleta muwasho na harufu. Kama ni aibu, tandazeni leso nyepesi juu yake pale kambani.

Tena kuna kichocho, ugonjwa wa huku kwetu. Mtoto anayeoga kwenye maji yaliyotuama aweza kukojoa damu, mvulana au msichana, na mama akadhani binti amevunja ungo. Damu ya mwezi haingoji mkojo. Ikitoka na mkojo tu, mpelekeni zahanati apimwe. Vidonge vyake vipo.

Na binti aliye mwezini si najisi. Yule mama wa Injili ya Marko alitokwa damu miaka 12, akagusa vazi la Yesu, wala hakufukuzwa.

Akina mama, bakini mwonyeshwe kushona. Akina baba, choo cha wasichana pale shuleni hakina mlango. Nani ana mbao?