Nani Amsemee Yatima?

Ndugu Waislamu, mwaka 1981 Norway iliweka Msemaji wa Watoto, wa kwanza duniani, asiyeamriwa na waziri lipi aseme. Sisi Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mtoto ya 2009, inayokataza kumnyima mtoto manufaa ya mali aliyoacha mzazi wake, na kuzibebesha halmashauri jukumu la kumlinda. Ni sheria njema. Lakini mlezi akila kibanja cha yatima hapa Kishanda (naye Surat An-Nisaa aijua vema!), na wazee wa usuluhishi wakawa wa ukoo wake, mtoto atamwendea nani? Tume ya Haki za Binadamu ipo kwa sheria ya 2001. Yatima wa miaka tisa ataifikiaje peke yake?