Kazi za Afya Si PSW Peke Yake

Hotuba ya kamati ya elimu na ajira ya jumuiya yetu, iliyotolewa Thorncliffe Park katika sherehe ya Uhuru, 9 Desemba

 

 Tumepewa dakika chache kabla ya chakula, nasi tunajua hotuba ndefu mbele ya watu wenye njaa ni dhambi. Kwa hiyo tutasema jambo moja tu: kabla hujalipia kozi yoyote ya afya, uliza kwanza kozi hiyo inakupeleka wapi baadaye.

Tuanze na siku yenyewe. Mwalimu Nyerere alizoea kutukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 na wahandisi 2. Madaktari 12 kwa watu wapatao milioni tisa! Sasa jiulizeni, nani alikuwa anawatibu babu na bibi zetu? Ni waganga wasaidizi, wauguzi, wakunga, wachanganyaji dawa, na watu wa maabara waliokaa na darubini wakitafuta vijidudu vya malaria kwenye tone la damu. Mwalimu alipotangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini, askari wengi wa vita vya maradhi hawakuwa madaktari. Tangu zamani hospitali ina vyumba vingi, na kila chumba kina mwenye kazi yake.

Hapa Thorncliffe tumezoea chumba kimoja tu. Alfajiri, kwenye vituo vya basi vya Overlea, mnawaona mama zetu na dada zetu wamevaa sare chini ya makoti, wanakwenda kwenye nyumba za wazee na majumbani kwa wagonjwa. Hao ni PSW, wahudumu wanaomwogesha mzee, wanaomlisha, wanaomgeuza kitandani na kumsikiliza pale ambapo watoto wake hawapo. Tunawaheshimu kwa dhati. Wakati wa Korona wao walitoka nje sisi wengine tulipofungiwa ndani, na kodi za nyumba nyingi katika maghorofa haya zimelipwa kwa migongo yao.

Sababu za wengi wetu kuingia huko zinaeleweka. Mafunzo ni mafupi, na kazi inapatikana haraka. Februari 2021 serikali ya Ontario ilitangaza kugharamia mafunzo ya hadi PSW 8,200 kupitia vyuo vyote 24 vya umma, na habari hiyo ilienea kwenye simu zetu kuliko tangazo la harusi. Lakini kazi hii ni ya kuinua watu. Mwili wa miaka 25 unaiweza. Mwili wa miaka 52 unaanza kulalamika. Saa zenyewe mara nyingi hukatwa vipande: mbili asubuhi, mbili jioni, na katikati uko kwenye basi. Anayeipenda abaki nayo kwa fahari. Anayebaki kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna kazi nyingine, huyo tunamdai habari, na leo tunalipa.

Kwanza tuondoe neno moja linalowachanganya wengi. Hapa Ontario neno "college" lina maana mbili. Kuna college ya kusoma, kama George Brown, Centennial au Seneca. Halafu kuna College of Nurses of Ontario au Ontario College of Pharmacists. Hizi si shule, hazina darasa wala ada ya muhula. Ni mabaraza yanayosajili wataalamu kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1991. Kazi zenye baraza zina jina linalolindwa: huwezi kujiita hivyo bila kusajiliwa. Kazi zisizo na baraza zinaweza kuwa nzuri pia, lakini ndani yake mtu yeyote mwenye chumba na viti anaweza kukuuzia cheti chenye jina la kupendeza.

Ndiyo maana tunaomba kila mtu aende na maswali matatu. La kwanza: nikimaliza, nani atanipa mtihani, na nani atanisajili? La pili: baada ya kazi hii ngazi inayofuata ni ipi, na masomo yangu yatahesabiwa au nitaanza upya? La tatu: kazi yenyewe inataka nini kwa mwili wangu, kwa saa zangu na kwa watoto wangu?

Tuyapime maswali hayo kwa kazi zenyewe.

Maabara. Msaidizi wa maabara husoma takriban mwaka mmoja. Anatoa damu, anapokea sampuli, anaziandaa. Kazi hii haina baraza, lakini kuna mtihani wa chama cha taaluma, nao waajiri wengi wanautaka. Hapa msikilize kwa makini: cheti hicho si nusu ya safari ya kuwa mteknolojia wa maabara. Mteknolojia ana stashahada yake ya takriban miaka mitatu, mtihani wa taifa na usajili wa baraza. Ukianza kama msaidizi utaijua kazi na watu wake, lakini kwa kawaida shule utaianza upya. Michener Institute, pale katikati ya jiji, imekuwa ikifundisha kazi za namna hii tangu 1958, na leo iko chini ya hospitali za University Health Network. Wengi wetu tumepita mbele ya jengo lile bila kujua kuna nini ndani.

Dawa. Huku ndiko tumeona machozi mengi. Kuna msaidizi wa duka la dawa, na kuna fundi sanifu wa dawa. Kwa sikio la mgeni ni kitu kimoja. Msaidizi anaweza kusoma miezi michache, naye hasajiliwi. Fundi sanifu, tangu 2010, anasajiliwa na Ontario College of Pharmacists: anasoma kozi iliyoidhinishwa, mara nyingi miaka miwili, kisha anafanya mitihani ya taifa. Tunamfahamu mwenzetu aliyelipa maelfu ya dola akidhani anasomea kazi ya pili, kumbe ni ya kwanza. Karatasi aliyotia saini ilisema wazi. Hakuna aliyemsomea.

Utakasaji wa vifaa vya upasuaji. Kila mkasi unaoingia chumba cha upasuaji umeoshwa, umekaguliwa na kutakaswa na mtu aliyesomea. Mafunzo ni mafupi, na mgonjwa humgusi. Kwa mtu makini, asiyependa maneno mengi, ni kazi ya hospitali yenye heshima. Lakini utasimama kwa saa nyingi, na trei za vyuma zina uzito.

Meno. Msaidizi wa daktari wa meno husoma kama mwaka mmoja, na mwenye daraja la pili hufanya mtihani wa taifa. Kliniki nyingi hufanya kazi mchana, jambo kubwa kwa mwenye watoto wadogo. Mpango wa serikali kuu wa huduma za meno ulianza kulipia matibabu Mei 2024, na wazee wengi ambao hawakuwahi kumwona daktari wa meno nchini humu sasa wanakwenda.

Mazoezi ya viungo. Msaidizi wa fiziotherapia husoma miaka miwili. Anamfundisha mgonjwa kutembea tena baada ya kiharusi au kuvunjika nyonga. PSW anayependa wagonjwa lakini amechoka kuinua atajisikia nyumbani hapa, ingawa nguvu kidogo bado zinahitajika.

Ofisi za hospitali. Yule anayepokea simu wodini, anayepanga miadi, anayetunza majalada, naye ni mfanyakazi wa afya. Mwenye Kiswahili, Kigujarati, Kisomali au Kifaransa pamoja na Kiingereza safi ana kitu mkononi. Na hospitali nyingi hutangaza nafasi kwa wafanyakazi wao wenyewe kabla ya watu wa nje. Mtu aliyeingia Michael Garron au Sunnybrook kama mfanya usafi ameshafika ndani ya ukuta. Asome mbao za matangazo kila wiki.

Na wale wanaopenda uuguzi wenyewe, njia ipo: stashahada ya miaka miwili na usajili wa RPN, na kutoka hapo kuna programu za kuvuka kwenda shahada na RN. Baadhi ya vyuo vina njia maalumu kwa PSW. Ila jueni kwamba miaka kumi ya kazi ya PSW, peke yake, haigeuki kuwa masomo.

Sasa tuseme na waliokuja na taaluma zao. Kama ulikuwa mtu wa maabara Muhimbili, Bugando au KCMC, usikimbilie kujiandikisha kozi ya msaidizi kabla hujapeleka vyeti vyako. Kanada kuna utaratibu wa kupima elimu na uzoefu wa waliosoma nje. Wafamasia nao wana njia yao, na Chuo Kikuu cha Toronto kina programu kwa ajili yao. Njia hizi ni ndefu na zina gharama, lakini ni vyema kujua bei ya mlango wako mwenyewe kabla ya kulipia mlango wa mwingine.

Kuhusu fedha na karatasi. Shule binafsi lazima iwe imesajiliwa na mkoa, na kozi yenyewe lazima iwe imeidhinishwa. Uliza yote mawili, kwa sababu shule inaweza kuwa halali na kozi isiwe. Linganisha ada na chuo cha umma kabla ya kusaini. Aliyepunguzwa kazini aulize kuhusu Better Jobs Ontario. Mwenye ukaazi wa kudumu au uraia, na mkimbizi aliyekubaliwa, waulize kuhusu OSAP. Aliyekatishwa shule zamani, vyuo vya umma vina programu ya ACE isiyo na ada kwa watu wazima, inayofungua mlango wa kozi nyingine. Maofisa wa TNO (The Neighbourhood Organization) wamewasaidia wengi wetu kujaza fomu. Kuuliza si ujinga.

Jambo jingine ambalo matangazo hayasemi: karibu kozi zote hizi zina wiki za mazoezi kazini, mara nyingi bila malipo, na kwa saa wanazopanga wao. Panga mapema nani atachukua watoto shuleni. Utahitaji hati ya polisi na kumbukumbu za chanjo. Na wale tuliochanjwa BCG utotoni, wenye alama begani, msishtuke kipimo cha kifua kikuu cha ngozi kikivimba. Inaweza kuwa ni ile chanjo. Watakupiga eksirei ya kifua, na ikiwa safi, unaendelea na safari.

Vijana, sasa ni zamu yenu. Mkitoka Valley Park mkaingia Marc Garneau, au popote mtakapokwenda, kuna siku ya darasa la kumi mtapewa fomu ya kuchagua masomo. Wengi huacha kemia kwa sababu rafiki ameacha. Kalamu hiyo inaweza kufunga mlango wa maabara, wa dawa na wa eksirei kwa mara moja. Kabla hamjaacha, someni masharti ya kozi mbili tatu za vyuo. Zile saa 40 za kujitolea mnazotakiwa kuwa nazo, msizimalize kwa kupanga viti tu. Ombeni hospitali au nyumba ya wazee. Mtaona kwa macho yenu ni nani anafanya nini. Na nyinyi mliowatafsiria mama zenu kwa daktari tangu mna miaka minane, mna ujuzi ambao wenzenu hawana.

Wazazi wetu, nanyi tunawaomba kitu. Tumezoea kumuuliza mtoto, "Utakuwa daktari?" Akisema hapana, tunanuna, kisha tunanyamaza, na mtoto anachagua gizani. Tubadilishe swali. Tumuulize, "Unapenda kazi ya watu, ya vifaa au ya karatasi?" Mteknolojia wa mionzi, mtaalamu wa altrasaundi, mtaalamu wa upumuaji, mhudumu wa ambulensi: hawa wote ni wataalamu wanaoheshimika, na wengi wao hawakusoma miaka kumi.

Na akina baba, mnapomwambia mke "kasome", mwambieni pia nani atapika siku ya mtihani.

Wazee wa 1961 walitupa maneno mawili, Uhuru na Kazi. Kwa siku ya leo tunayasoma hivi: uhuru ni kuwa na kazi uliyoichagua ukijua zilizobaki zilikuwa zipi.

Meza ya kamati iko karibu na mlango, upande wa makoti. Katikati yetu wapo waliopita njia hizi, na kila mmoja amekubali kuzungumza na yeyote kwa lugha anayoielewa. Kama una karatasi ya shule nyumbani ambayo bado hujasaini, ilete. Tutaisoma pamoja mstari kwa mstari, bure. Kama umeshasaini, ilete vilevile; huenda bado kuna siku za kurudisha.

 Heri ya Uhuru, na karibuni chakula.