Paneli ya Sola Haihitaji Mnara

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kitale na Bungoma)

Tukizunguka kwenye vikundi vyenu tunasikia kilio kimoja. Mchango wa kikundi umenunua paneli, halafu fundi anataja bei ya vyuma vya kuisimamisha, na paneli inabaki ndani ya gunia chini ya kitanda. Watoto nao wanaendelea kusoma kwa koroboi.

Sasa tuulizane, hivyo vyuma vyote ni vya nini? Kule Ulaya jua hupita chini, upande wa kusini, kwa hivyo paneli huinuliwa sana na kuelekezwa huko. Sisi ikweta inapita hapo Maseno tu. Jua letu la mchana liko karibu juu ya kichwa. Mwezi wa Juni linaegemea kaskazini kidogo, Desemba kusini. Kwa hivyo paa la mabati lenye mteremko wa kawaida linatosha. Hata likiangalia mashariki au magharibi, hasara si kubwa. Ila msiilaze paneli kabisa, mvua haitaosha vumbi. Digrii 10 hadi 15 zinafaa.

Basi vipande viwili vya chuma kutoka kwa jua kali vinafanya kazi ya fremu ya dukani. Bolti zishike mbao za paa, si mabati peke yake. Upepo wetu mnaujua. Kila tundu lizibwe kwa washa ya mpira. Kisha acheni nafasi ya upana wa kiganja kati ya paneli na mabati, hewa ipite. Wengi hufikiri joto ndilo linaloleta umeme. La, ni mwanga. Paneli ikichemka hutoa umeme kidogo zaidi.

Betri iwe karibu. Kwa volti 12, waya mrefu na mwembamba unakula umeme njiani. Punguzeni mita, msipunguze unene, wala fyuzi msiache.

Fundi naye aitwe na kikundi, afunge nyumba tano kwa safari moja, nauli moja. Lakini muulizeni leseni: kanuni za mwaka 2012 ziliidai, na siku hizi hutolewa na EPRA.

Na ule mkaratusi ulio kando ya nyumba, jamani, tazameni kivuli chake saa tatu asubuhi na saa tisa mchana kabla bolti ya kwanza haijafungwa. Kivuli cha tawi moja tu kinaweza kupunguza sana umeme wa paneli nzima.