Msaidizi Anayejua Kuachia

   Niruhusuni nizungumze nanyi, wahitimu wangu wa biokemia.

RNA ndiyo kazi yangu ya maisha. Mnajua kwamba aina nyingi za molekuli hii hazifanyi kazi mpaka zijikunje na kupata umbo. Mwaka 1982 Thomas Cech na wenzake walionesha kwamba RNA ya Tetrahymena, kiumbe cha seli moja kiishicho majini, hujikata yenyewe bila protini. Cech akapata Nobel mwaka 1989 pamoja na Sidney Altman. Lakini RNA hiyohiyo, ikiachwa peke yake maabarani, mara nyingi hujikunja vibaya na kunasa hapo.

Ndani ya seli kuna protini zinazoisaidia RNA kunasuka. Niipendayo ni CYT-19, ya kuvu iitwayo Neurospora. Mwaka 2007 watafiti Bhaskaran na Russell, kule Texas, waliijaribu kwa RNA ya Tetrahymena wakaona ajabu: protini hii haijui umbo sahihi ni lipi. Hutumia nishati ya ATP kufumua mikunjo, mibaya na mizuri pia. Iliyo legelege hufumuka mara nyingi zaidi, na kila ikifumuka RNA hupata nafasi ya kujikunja upya. Kujikunja ni kazi ya RNA yenyewe. Protini huachia, ikaenda kwingine.

Hapo ndipo ninapoilaumu taaluma yetu: wasimamizi hatuachii. Nimeona rasimu ya tasnifu ikilala mezani mwaka mzima. Nimeona mwanafunzi akisukumwa kwenye jibu ambalo msimamizi wake alikwisha kulitangaza mkutanoni. Huo si msaada hata kidogo, na unatupotezea watafiti wazuri.

Ninyi mtasimamia wengine. Fumueni hoja dhaifu bila kuoneana haya, kisha mwacheni mwenyewe aijenge. Mkihojiwa, msinune: hata umbo sahihi hufumuliwa, nalo hurudi. 

Nanyi wahadhiri wenzangu, mwenye rasimu ya mtu mezani aisome Jumatatu.