Mitambo Mipya na Kazi ya Kila Siku

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Voi)

Ndugu wanachama,

Tumeombwa tuseme habari ya mitambo ya kompyuta inayoingia makazini mwetu. Wengine wenu mmetoka Taveta, na wengine mmeteremka kutoka Wundanyi tangu alfajiri, basi hatutawachosha.

Kwanza twasema wazi kwamba sisi si adui wa mtambo mpya. Treni ya Madaraka ilianza kazi Juni 2017, na siku hizi mtu wa Mwatate aweza kukata tikiti kwa simu akiwa nyumbani kwake, kisha akaja stesheni ya Voi saa ya safari. Hilo ni jema. Ubishi wetu na wakubwa wa kompyuta ni juu ya namna ya kubadili, si juu ya kubadili.

Tazameni mambo ya mwaka 2023. Mwisho wa Juni Serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa nyuma ya mlango mmoja, eCitizen. Hata mwezi haujatimia, wadukuzi waliojiita Anonymous Sudan waliusonga mlango huo kwa maombi ya uongo mengi kupita nguvu zake. Waziri Eliud Owalo alikiri shambulio hilo, akasema hakuna habari zilizopotea. Lakini kazi za pasipoti na leseni zilivurugika, na hata kukata tikiti za treni. Wageni walioshindwa kupata viza kwa mtandao waliambiwa watapewa wakifika. Liangalieni sana jambo hili la viza. Liliwezekana kwa sababu njia ya zamani ilikuwa bado yajulikana, na karani wa kuishika alikuwapo.

Wazee wa reli walio hapa watacheka, maana wao waliyaona haya zamani. Zile Garratt za daraja la 59, injini 34 zilizotengenezwa Manchester, zililetwa miaka ya 1955 na 1956, kila moja ikiitwa jina la mlima. Miaka michache tu, mwaka 1960, dizeli za njia kuu zikaingia. Je, stima zilitupwa siku ile? La, hasha! Ziliendelea kuvuta mizigo hapa Voi, zikipunguzwa kidogo kidogo, mpaka miaka ya 1970 ilipokuwa inakwisha. Madereva walipata nafasi ya kujifunza, na mafundi wa karakana kadhalika. Dizeli ikiharibika, mzigo haukulala njiani kwa kukosa cha kuuvuta.

Twajua tutaambiwa kwamba kushika njia mbili ni gharama. Ni kweli, tena si ndogo. Lakini na tuulize gharama hiyo hulipwa na nani njia ya pili isipokuwapo. Katika ofisi moja ya mji huu, ambayo hatutaitaja, mtambo mpya uliwashwa siku ya mwisho wa mwezi, watu wakiwa wamejaa dirishani. Ule wa zamani ulikuwa umezimwa usiku uliotangulia. Hesabu hazikulingana, na upungufu ukakatwa katika mshahara wa karani. Aliyechagua siku ile hakukatwa hata senti.

Kwa hiyo tumeamua kuwaandikia waajiri. Twataka mtambo mpya ujaribiwe kwanza katika dirisha moja, na ule wa zamani uendelee mpaka hesabu za miezi mitatu zilingane. Usiwashwe mwisho wa mwezi wala siku za kuelekea sikukuu. Daftari la karatasi na kitabu cha risiti vikae mezani, na vijana wafundishwe kuvitumia, kwani wengi hawajapata kuviona. Na upungufu unaotokana na mtambo kuzimika usilipwe na karani.

Barua imekwisha pigwa chapa na katibu anayo. Mtie sahihi kabla ya kutoka. Ndugu wa Taveta watangulie, maana gari lao halingoji.