Hotuba ya Mwenyekiti: Nimekwenda Maonyesho Nikiwa Binti, Mzazi na Bibi



Tunamshukuru Mungu kutufikisha miaka kumi. Habari za hisa na mikopo atazisoma Mweka Hazina. Mimi nitasema jambo moja tu: kupeleka vitambaa vyetu vya kufuma kwenye maonyesho.

Mara ya kwanza nilikwenda Sabasaba, Dar es Salaam, mwaka 1982, nina miaka 13. Nilimbebea mama kapu. Wakati ule bidhaa zilikuwa adimu nchini, uzi ulikuwa wa kutafuta kwa tochi, akina mama wakifumua masweta makuukuu wapate wa kufumia. Kazi yangu ilikuwa kutazama. Nilisimama kwenye meza za wanawake wa mikoa mingine, nahesabu matundu kwa macho, nikirudi nyumbani naufuma mtindo ule ule. Binti ana macho, tena haoni haya kuuliza.

Mwaka 1998 nilikwenda na mtoto mgongoni. Hapo sikutazama mitindo, nilitazama hela ya unga. Meza sikuwa nayo, nikaviweka vitambaa kwenye banda la mtu. Seti nzima ya makochi, kazi ya wiki tatu, akaiuza mara mbili ya alichonipa, na mimi nimesimama pale pale. Ningesema nini? Mtu peke yake hana banda. Ndiyo maana tulipoanzisha kikundi mwaka 2015 tuliweka fungu la maonyesho.

Mwaka 2019 tukapata meza yetu wenyewe. Sasa mimi ni bibi, nakaa kwenye kiti naongea na wateja. Lakini nimeona mambo. TV za siku hizi ni bapa, kitambaa hakina pa kukaa. Wanaoulizia vitambaa vya makochi ni rika langu. Mabinti wanaulizia mikoba, kofia na nguo za watoto. Uzi ni ule ule, sindano ni ile ile, mkono ndio ubadilike.

Kwa hiyo ninalo ombi. Kila mwaka tunapeleka watu wawili, na wote huwa wazee. Naomba safari ijayo nafasi yangu apewe binti, nauli na chakula vitoke kwenye fungu. Kile kiti nakipenda, jamani, kukiacha si rahisi. Wapo watakaosema watoto watatumaliza hela. Nyie, mbona mimi nilipelekwa nina miaka 13?

Asiende peke yake, aende na mama mmoja. Mteja wa maonyesho hukigeuza kitambaa aone mafundo kwa nyuma, hapo anatakiwa mtu anayejua kutetea bei. Nanyi wanangu mnaouza kwa simu, picha haionyeshi upande wa nyuma.

Hoja hiyo nimeileta. Tutaipigia kura baada ya chakula.

 Akina mama, oyee!