Talaka ya Kununua

Wanawake wa Unguja wana usemi wao: "Nimenunua talaka yangu." Vitabuni jambo hili linaitwa khului. Mke hataki tena kukaa, basi anarudisha kitu, na mume anamwacha. Ugomvi uko kwenye hicho kitu.

Mume anafika kwa kadhi na karatasi ya daftari aliyoikunja mara nne. Juu kaandika mahari. Haya, tumeelewa. Chini yake kitanda, kabati, begi la harusi, kilemba cha mkwe. Mchele na nyama ya karamu. Hata nauli ya gari lililomchukua bibi harusi! Ndoa ina miaka tisa, na kwa miaka yote hiyo mwenzake kapika, kafua, kazaa. Geuza karatasi: nyuma nyeupe.

Asili ya khului haikuwa hivyo. Mke wa Thabit bin Qays alimwendea Mtume akasema hana la kumlaumu mumewe, si kwa dini wala kwa tabia, ila kuishi naye hawezi. Akaulizwa kama atamrudishia shamba lake, nalo ndilo lililokuwa mahari. Akasema ndiyo. Thabit akaambiwa alipokee shamba, amwache. Katika mapokezi ya Ibn Majah, aliamriwa asichukue zaidi. Ni kweli wanavyuoni wengi, Mashafii wakiwamo, wanajuzisha zaidi ya mahari wenyewe wakiridhiana. Mimi si mwanachuoni, lakini hapo kwenye kuridhiana nasita. Aliyekwama topeni na aliyeshika kamba wanaridhiana vipi?

Tena yule mama alisema hana la kulaumu. Mume anayepiga, au aliyetoroka bila kuacha hata kibaba cha unga, huyo kesi yake ni faskhi: kadhi anaivunja ndoa, mke hanunui kitu. Na aya ya 19 ya Suratun-Nisaa inawakataza waume kuwabana wake zao ili wapokonye sehemu ya walichowapa.

Kwa nini basi mwenye haki ya faskhi akubali kununua? Kwa sababu faskhi inataka ushahidi, na kipigo cha chumbani nani alikiona? Kuna na jingine, ambalo wanaume hulisahau. Talaka ya kawaida, ya kwanza au ya pili, mume anaweza kurejea ndani ya eda, apende mke asipende. Aliyekhului harejewi, mume akimtaka, aanze na posa, na mke aseme ndiyo upya. Hiyo ndiyo bidhaa inayonunuliwa pale.

Misri walitunga sheria namba 1 ya mwaka 2000. Mke anarudisha mahari aliyopewa, anaacha haki zake za fedha, sulhu inajaribiwa, ikishindikana hakimu anaivunja ndoa hata mume akinuna. Wapo wanaosema sheria ile imemnyima mume ridhaa yake, na hoja yao ina uzito. Lakini kifungu kilekile kinasema fidia ya khului haiwezi kuwa malezi ya watoto wala matumizi yao.

Hili nalileta kwa sababu ya ile karatasi ya daftari. Mstari wake wa mwisho mara nyingi hauna bei. Umeandikwa tu: "Na asinidai chochote cha watoto."